Kuchana manyoya ya mbwa nyumbani hadi ngozini: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Nikirudi kwenye nyumba ambayo wiki sita nyuma nilimwogesha mbwa na kumpunguza manyoya, karibu kila mara nakutana na maneno yaleyale. Mwenyeji ananiambia, "Fundi, safari hii nimemchana karibu kila siku, mwenyewe utaona." Nampapasa mbwa mgongoni, mkono unateleza. Naingiza vidole nyuma ya sikio, kisha kwapani, kisha kwenye manyoya marefu ya mapaja ya nyuma, na huko nakuta kitu kigumu kama pamba ya godoro iliyolowa ikakaukia. Nikikigusa tu, mbwa anageuza kichwa kunitazama.

Mwenyeji hajadanganya. Amechana kweli, ila brashi yake imekuwa ikipita juu na kuyaacha manyoya ya ndani yajisokote taratibu mpaka yashike ngozi. Nimeliona hilo Shangani, nimeliona Mikindani, nimeliona Lindi mjini. Kwa kuwa ni kosa moja linalojirudia, naliandikia hatua kwa hatua.

Mwongozo huu ni hasa kwa wenye mbwa wa manyoya marefu au mazito: Spitz, Maltese, Poodle, German Shepherd na machotara wao. Mwenye mbwa wa kienyeji wa manyoya mafupi asome hatua ya 1 hadi ya 3, kisha aruke mpaka sehemu yake iliyo mbele.

## Vitu vya kuandaa kabla hujamwita mbwa

Kusanya vyote viwe karibu na mkono. Ukiinuka katikati ya kazi kwenda kutafuta kitu, mbwa naye huona kazi imekwisha, na kumrudisha ni shughuli nyingine.

- Chanuo la chuma, nusu moja meno mapana, nusu ya pili meno ya karibu. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, nunua hiki. Brashi hulainisha manyoya, lakini chanuo ndilo linalokuambia ukweli.
- Brashi ya waya laini: ile yenye kichwa bapa na sindano nyingi nyembamba zilizopinda kidogo kwenye ncha.
- Brashi ya mpira yenye vinundu, kwa mbwa wa manyoya mafupi na kwa kupukuta mchanga.
- Chupa ya kupulizia yenye nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha kondishena ya nywele isiyo na manukato makali. Itikise kila unapoitumia.
- Kibanio chenye ncha nyembamba na kichupa chenye spiriti kidogo, kwa ajili ya kupe.
- Glovu, barakoa na nguo ya kazi hii peke yake.
- Jamvi kuukuu au kipande cha kapeti cha kumsimamishia.
- Taa ya simu ya kumulikia ngozi.
- Zawadi ndogondogo: kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, au dagaa waliokaushwa bila chumvi. Kata vipande vidogo kama kucha ya kidole kidogo, maana utatoa vingi.

Usipopata brashi ya waya au chanuo la chuma karibu nawe, agiza Dar es Salaam kije kwa basi. Wakati unasubiri, chanuo la plastiki la meno mapana la dukani litakusaidia kwa manyoya yasiyo na mafundo. Brashi ya kufulia nguo iache ilipo: nyuzi zake haziingii ndani ya manyoya, zinang'arisha juu tu, na kung'aa huko ndiko kunakowadanganya watu.

Kabla hujamgusa mbwa, ijaribu brashi ya waya kwenye mkono wako mwenyewe, upande wa ndani wa kigasha ambako ngozi ni laini. Ipitishe kwa nguvu unayodhani utaitumia. Ikiacha mistari myekundu, hiyo nguvu ni kubwa mno. Punguza mpaka uhisi mkwaruzo mwepesi usioacha alama, na huo mkono uukumbuke.

## Hatua ya 1: Chagua saa na mahali

Chana asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipooza zaidi kwa kuhema. Ukimshika saa saba mchana kwenye joto la Mtwara na unyevu wake, atahema, atahangaika, na wewe utadhani ni mkaidi kumbe anatafuta hewa.

Tafuta kivuli kwenye sakafu isiyoteleza. Mbwa mdogo unaweza kumsimamisha juu ya meza iliyotandikwa kapeti, lakini usimwache hata kwa sekunde moja. Akiruka anaweza kuvunjika mguu. Mbwa mkubwa mchane chini, juu ya jamvi. Usimfunge kwa mnyororo mfupi. Akihitaji kushikwa, mtu anayemzoea akae mbele yake na zawadi.

Kaa ukiupa upepo mgongo, iwe msimu wa kusi au wa kaskazi, ili manyoya yaende mbele na yasikurudie machoni. Tazama pia yanakokwenda. Kama ng'ambo ya ua kuna kamba ya nguo za jirani au mahali watu wanapotandika mikeka ya kuswalia, hamia upande mwingine. Hapa kwetu wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu unyevu wa mbwa kuwa najisi, na baadhi yetu tunaofuga mbwa wa ulinzi ni Waislamu vilevile. Ndiyo maana nasisitiza glovu, nguo ya kazi, jamvi la mbwa peke yake na ndoo ya mbwa peke yake. Ukiyapanga hayo mapema unafanya kazi ukiwa na amani, na jirani hana la kulalamika.

Utajua umefaulu mbwa akisimama au kulala bila kuhema sana, mdomo umefumba au umelegea, na yuko tayari kupokea zawadi.

## Hatua ya 2: Mpapase kabla ya kuchukua brashi

Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi huiona ya thamani sawa na kuchana kwenyewe. Mikono yako itakuambia mafundo yako wapi, na itakuonyesha mambo ambayo brashi ingeyaumiza.

Anza kichwani, shuka shingoni chini ya mkanda, kifuani, kwapani, tumboni, mapajani, hadi chini ya mkia. Malizia kati ya vidole vya miguu. Fukua manyoya na umulike kwa taa.

Kupe hupenda masikio, chini ya mkanda, kwapani, kinenani na kati ya vidole. Mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja polepole bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa, usimminye kwa vidole. Kupe huambukiza mbwa maradhi ya damu, na kadiri anavyong'ang'ania kwa muda mrefu ndivyo hatari inavyoongezeka.

Na hapa niseme wazi: ukikuta kupe wengi, usikoroge dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria na kumpaka mbwa. Dawa ile imepimiwa ng'ombe. Nenda kwa daktari wa mifugo akupe ya mbwa kulingana na uzito wake.

Kijipu chenye kitundu katikati mara nyingi kina funza wa nzi ndani. Usikipitishie brashi, wala usikiminye kwa nguvu. Mpeleke atolewe.

Ngozi iliyolowa na kunuka, magamba, mapele au sehemu yenye upara ni ugonjwa wa ngozi, na ugonjwa wa ngozi hautibiwi kwa brashi. Sehemu hiyo iache mpaka ionwe na daktari.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja bila kumtazama: mafundo mawili nyuma ya sikio la kulia, moja kwapa la kushoto, mkia safi.

## Hatua ya 3: Ondoa kwanza mchanga na vitu vya msimu

Mchanga ukibaki kwenye manyoya, kila unapopitisha brashi ni kama unasugua ngozi kwa msasa. Tumia brashi ya mpira au viganja kupukuta, ukianzia mgongoni kushuka chini.

Huku kwetu kila msimu una uchafu wake.

*Bahari.* Mbwa aliyeogelea Shangani au ufukweni Lindi anarudi na chumvi. Chumvi ikikauka huyafanya manyoya kuwa makavu na yenye kushikana. Mwagie maji baridi mara tu anapofika nyumbani, mkaushe kwa kukandamiza taulo bila kusugua, kisha mchane kabla hajakauka mwenyewe. Kama unajua mnakwenda pwani, bora umchane kabla ya kwenda.

*Kishona nguo.* Vile vijiti vyeusi vyenye meno mwishoni huingia kwenye manyoya na kutembea kuelekea ndani. Vitoe kwa vidole, kimoja kimoja. Ukipitisha brashi juu yake utavivunja, na ncha itabaki ngozini.

*Mabibo.* Wakati wa korosho mbwa hulala chini ya mikorosho, na maji ya bibo hugandisha manyoya na mchanga kuwa kitu kimoja. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, ponda kwa vidole, futa. Angalia pia maganda ya korosho mbichi: mafuta yake huunguza ngozi, ya mbwa na ya kwako. Vaa glovu, na ukiona wekundu osha kwa maji mengi na sabuni.

*Salfa.* Katikati ya mwaka, wakati wa kupulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, vumbi la manjano hukaa juu ya mgongo wa mbwa anayezurura mashambani. Vaa barakoa, mpukute nje, mfute kwa kitambaa chenye unyevu, na usimruhusu ajilambe mpaka umalize. Macho yake yakiwa mekundu, yaoshe kwa maji safi.

Utajua umefaulu ukipitisha vidole karibu na ngozi bila kusikia chembechembe.

## Hatua ya 4: Gawa mistari kama msusi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole.

Mtazame msusi anayesuka twende kilioni. Hasuki kichwa kizima kwa pamoja. Anachora mstari, ngozi inaonekana nyeupe katikati, anabana nywele zilizobaki pembeni, anashughulika na mstari ule mpaka uishe. Mbwa wa manyoya mengi anachanwa hivyohivyo.

Anza chini, kwenye mguu wa nyuma, juu kidogo ya vidole. Kwa mkono wa kushoto, inua manyoya yote ya mguu kuelekea juu na uyabane kwa kiganja. Chini ya kiganja chako acha safu nyembamba iponyoke, yenye upana wa kidole. Ukiangalia pale safu ilipoanzia, lazima uone ngozi. Usipoiona, umechukua manyoya mengi mno. Punguza.

Pulizia safu hiyo maji ya kondishena kidogo tu, iwe na unyevunyevu, isidondoke. Manyoya makavu kabisa hukatika yakivutwa. Yaliyolowa chapachapa hunyooka kama mpira na kukatika pia.

Sasa pitisha brashi ya waya. Anzia kwenye ncha za manyoya, mipigo mifupi. Zikiachana, sogea nusu ya safari kuelekea ngozini. Zikiachana tena, anzia ngozini kabisa na ushuke hadi nchani kwa mpigo mmoja. Ukianza ngozini moja kwa moja, vifundo vidogo vyote vitasukumwa chini na kukutana nchani kuwa fundo kubwa. Usigandamize. Mpigo uwe wa kuchota, kama unapangusa vumbi juu ya kitambaa cha hariri.

Safu ikishakuwa nyepesi, legeza kiganja cha kushoto kidogo, safu nyingine ya upana wa kidole ishuke. Endelea kupanda mguu, paja, ubavu, hadi uti wa mgongo. Kisha hamia upande wa pili. Kifua, shingo na mkia viwe mwisho.

Usipige mahali pamoja zaidi ya mara kumi mfululizo. Ngozi ya mbwa ni nyembamba, na sindano zikipita hapohapo mara nyingi huacha wekundu unaowasha. Mbwa atajikuna usiku kucha, na kesho akiiona brashi atakimbia. Kama safu haijaachia, iache, nenda kwingine, rudi baadaye.

Kwa German Shepherd na Spitz, utaona manyoya laini ya rangi hafifu yakijaa kwenye brashi. Hayo ni manyoya ya ndani yaliyokwisha kufa. Huku kwetu mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka havitofautiani sana, kwa hiyo mbwa wengi humwaga manyoya kidogokidogo mwaka mzima badala ya kungoja msimu. Hayo yaliyokufa yasipotolewa ndiyo yanayojifunga na yaliyo hai, na hapo ndipo fundo huanza.

Mbwa wa wastani atakuchukua dakika arobaini mara ya kwanza. Hakuna ulazima wa kumaliza siku moja. Leo miguu ya nyuma, kesho ubavu mmoja. Sehemu ndogo iliyochanwa hadi ngozini ina faida kuliko mwili mzima uliopitiwa juujuu.

Utajua umefaulu ukipuliza kwa mdomo juu ya safu na manyoya yakafunguka kama majani yanayopepea, ngozi ikaonekana safi, bila wekundu.

## Hatua ya 5: Kulifungua fundo bila kumuumiza

Mafundo yana makazi yake: nyuma ya masikio, chini ya mkanda, kwapani, kinenani, kwenye manyoya ya nyuma ya mapaja na shinani mwa mkia. Ni mahali panaposuguana au kubaki na unyevu.

Shika fundo kwenye shina lake, kati ya ngozi na fundo lenyewe, kwa kidole gumba na cha shahada. Mshiko huu ndio unaobeba mvuto wote, ngozi isivutwe. Usiuachie mpaka umalize.

Pulizia maji ya kondishena, subiri dakika mbili. Kisha lipasue kwa vidole, ukivuta nyuzi kando kwa kando kama unavyochambua pamba. Likigawanyika vipande viwili au vitatu, tumia jino la mwisho la chanuo, kona ile, kuchokoa nje kidogokidogo ukianzia kwenye ncha. Brashi ije baadaye.

Mafuta ya nazi nayo hulegeza, na kila nyumba huku haiyakosi. Lakini tone moja linatosha, lililosuguliwa kati ya vidole. Ukimpaka mengi, mchanga wote wa uani utamganda jioni hiyohiyo, na utakuwa umeanza fundo jipya.

Likigoma, mkasi ni njia ya mwisho, na una sharti moja. Penyeza chanuo kati ya fundo na ngozi, liwe ukuta. Kata juu ya chanuo, upande wa nje, kwa mkasi wa ncha butu. Chanuo lisipopita chini ya fundo, mkasi usiuguse.

Sharti hilo nimelipata kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikata ngozi ya kwapa la mbwa mmoja pale Chikongola. Fundo lilikuwa dogo kama punje ya korosho. Nikalinyanyua ili nilione vizuri, na ngozi ikanyanyuka nalo, imejikunja ndani yake kama hema, mimi nikidhani yote ni manyoya. Mbwa hakulia. Niliona damu kwanza, kisha nikaona uwazi. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi tatu. Mpaka leo, nikifika kwenye kwapa, mikono yangu inapunguza mwendo yenyewe.

Usitumie wembe kabisa. Na fundo lililo pana kuliko kiganja, au lililolala bapa juu ya ngozi kama kipande cha zulia, halifunguliwi nyumbani. Hilo linanyolewa na mtu mwenye mashine na uzoefu, kwa sababu chini yake mara nyingi kuna ngozi iliyochubuka, wakati mwingine kidonda. Kulazimisha ni kumtesa mnyama ambaye hana namna ya kukuambia basi.

Utajua umefaulu fundo likitoka na ngozi ya chini yake ikiwa na rangi sawa na ya jirani yake. Wekundu mwepesi unaoisha baada ya saa moja si tatizo.

## Hatua ya 6: Mtihani wa chanuo

Weka brashi pembeni. Chukua chanuo, upande wa meno mapana, ligusishe kwenye ngozi na livute hadi nchani, mwili mzima. Kisha rudia kwa meno ya karibu.

Likikwama popote, hapo hujamaliza, hata kama kwa macho panang'aa. Rudi hatua ya 4. Usivute kwa nguvu ili lipite. Kukwama huko ndiko ulikokuwa unakutafuta.

Mteja wangu mmoja Lindi, mama mtu mzima mwenye Spitz chotara aitwaye Simba, alikuwa akinililia kila nikienda kwamba mbwa wake "anazaliwa na mafundo". Nilimwachia chanuo na hatua hii peke yake. Safari iliyofuata nilimaliza kumpunguza Simba manyoya kwa nusu ya muda, na mama akasimama mlangoni akimpitishia chanuo mbele yangu, kutoka sikioni hadi mkiani, bila kusema neno.

## Hatua ya 7: Kuoga huja baada ya kuchana

Usimwogeshe mbwa mwenye mafundo ukitumaini maji yatayalainisha. Manyoya yaliyofungana yakilowa, yakisuguliwa na kukauka, hujikaza zaidi, na unyevu ulionaswa ndani huozesha ngozi. Katika hewa yetu ya pwani hukauka kwa shida hata manyoya yasiyo na fundo.

Kwa hiyo mchane, pima kwa chanuo, ndipo umwogeshe kwa shampuu ya mbwa. Akikauka, mpitishie brashi tena kidogo.

## Mbwa wa manyoya mafupi

Kazi yake ni fupi. Brashi ya mpira, mizunguko midogo kuanzia shingoni kwenda nyuma, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Dakika kumi kwa wiki zinatosha. Faida kubwa kwake ni ukaguzi wa hatua ya 2, kwa sababu mbwa wa kienyeji anayelinda shamba hukutana na kupe wengi kuliko yule wa sebuleni.

## Mbwa anayekataa

Mbwa anayekimbia brashi amewahi kuumizwa nayo, au hajawahi kuzoeshwa. Kwa siku tatu za mwanzo usimchane. Weka brashi sakafuni, mpe zawadi akiinusa. Siku ya nne mguse mgongoni kwa upande wa nyuma wa brashi, mpe zawadi. Kisha mpigo mmoja, zawadi. Ongeza taratibu, na maliza kila mara kabla hajachoka.

Zijue dalili za kuacha: kulamba midomo mfululizo, kupiga miayo, kukakamaa, kuonyesha weupe wa macho, kunguruma. Usimwadhibu kwa kunguruma. Hilo ni onyo, na mbwa aliyenyimwa onyo huuma bila kukuarifu. Usimfunge mdomo kwa kamba ili umalize kazi. Mdomo uliofungwa hauwezi kuhema, na kwa joto letu hiyo ni hatari ya kweli.

Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa na kadi yake iko hai. Akikuuma au kukukwaruza kwa meno, awe wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

## Mara ngapi

Maltese, Poodle na wenzao wa manyoya marefu: kila siku, au siku moja baada ya nyingine. German Shepherd na Spitz: mara mbili hadi tatu kwa wiki, na kila siku unapoona manyoya yanamwagika sakafuni. Nyuma ya masikio na kwapani papitie kila siku kwa wote wenye manyoya marefu. Ni dakika mbili tu, na ndizo zitakazokuokolea saa mbili za kazi nitakapokuja.

Wengi huniuliza kama si afadhali kumnyoa kipara kwa sababu ya joto. Kwa German Shepherd na Spitz, hapana. Manyoya yao ya tabaka mbili huzuia jua lisichome ngozi, na yakinyolewa hadi chini huweza kurudi kwa mabaka. Ukitoa yale ya ndani yaliyokufa, hewa inapita na mbwa anapoa. Maltese na Poodle unaweza kuwapunguza yawe mafupi bila shida.

## Baada ya kazi

Kusanya manyoya yote kwenye mfuko wa taka, funga, tupa. Yakiachwa uani yataingia kwenye chakula cha kuku na kwa jirani. Kung'uta jamvi, lianike juani.

Toa manyoya kwenye brashi kwa kutumia chanuo, ukifuata upande zilikopindia sindano, zisije zikapinda vibaya. Ioshe kwa maji ya sabuni ikiwa mbwa ana kupe au ngozi mbaya, na usiitumie kwa mbwa mwingine.

Chanuo la chuma lifute likauke kabisa, lipake mafuta ya kula kidogo, lifunge kwenye kitambaa na uliweke ndani ya kopo lenye mfuniko. Hewa ya chumvi ya huku hulitia kutu ndani ya wiki chache, na jino lenye kutu hukwaruza. Kabla ya kulitumia tena, lipangushe mafuta na upitishe kidole kwenye kila jino.